Kindu: BMX ya michezo au baiskeli ya kazi? Tazama haya kabla ya kutoa pesa

Kijana wa miaka 14 akiomba baiskeli mjini Kindu, mara nyingi haombi ile nyeusi ndefu kama ya baba yake. Anaomba ile fupi yenye magurudumu madogo, usukani uliosimama juu na kiti kilicholala chini, ile ambayo ameona kwenye simu vijana wa nchi nyingine wakiruka nayo. Hiyo ndiyo BMX. Wanaosema Kifaransa wanaiita bicross. Mzazi naye ana hesabu yake: shule iko mbali, bidoni la mawese linapaswa kufika sokoni, na mtoto huyo huyo ndiye atakayetumwa. Wote wawili wana haki. Matatizo yanaanza pale baiskeli moja inaponunuliwa kwa kazi mbili, na moja kati ya hizo haikutengenezwa kuifanya.

Katika jimbo la Maniema jambo hili si dogo. Barabara nyingi zinazotoka Kindu kwenda Kasongo, Kibombo, Pangi au Punia zinageuka matope mvua inaponyesha, na kwa familia nyingi baiskeli ndiyo gari la nyumba. Wakati wa vita, reli ilipokufa na malori yalipoacha kuja, kinga ndizo zilizoleta chumvi na sabuni, zikarudi na mchele na mawese. Leo pikipiki zimejaa mjini, lakini petroli ina bei yake, na kijijini bado mzigo unasukumwa kwa baiskeli. Pesa ya kununua baiskeli hairudi upesi. Ukikosea, unakaa na kosa lako miaka.

Basi tuanze na hiyo BMX yenyewe, kwa sababu wengi wanaitamani bila kujua ilitoka wapi. Ilizaliwa California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto waliona wakubwa wakishindana na pikipiki kwenye njia za vumbi na vilima. Wao hawakuwa na pikipiki. Wakachukua baiskeli zao ndogo za inchi 20, wakaanza kufanya vilevile. Jina BMX linamaanisha tu baiskeli ya motokrosi. Mchezo ule wa mtaani ukakua mpaka ukaingia katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kama mbio, na katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 ukaongezwa upande wa kuruka na kujigeuza hewani. Huko Paris mwaka 2024, Wafaransa watatu, Joris Daudet, Sylvain André na Romain Mahieu, walichukua medali zote tatu za mbio za wanaume. Karibu na kwetu, Kigali ilipokea mbio za dunia za baiskeli za barabarani mwezi wa Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mbio hizo kufanyika Afrika. Hizo hazikuwa za BMX, lakini kijana akiona dunia nzima inakuja Rwanda kwa sababu ya baiskeli, si ajabu naye akitaka ya kwake.

Sasa, hata BMX si moja. Ya mbio ni nyepesi, fremu yake mara nyingi ni ya aluminiamu, tairi zake ni nyembamba, na ina breki moja tu ya nyuma. Inataka njia iliyotengenezwa, yenye vilima vilivyopimwa na kona zilizoinuliwa. Ukiichukua kuruka juu ya ukuta wa saruji, fremu haitavumilia muda mrefu. Ya kuruka vilima vya udongo ni ya chuma, nzito kidogo, na tairi zake ni nene zenye meno ya kushika ardhi. Ya mjini, ile ya ngazi, vyuma na kuta, ina tairi nene zisizo na meno mengi na vyuma vifupi vilivyofungwa pembeni mwa ekseli. Mchezaji anasimama au anateleza juu ya vyuma hivyo. Wenye kuicheza huko nje wengi wanaitoa breki kabisa, jambo ambalo hapa kwetu, katikati ya pikipiki za barabara kuu, ni kutafuta kifo.

Iko na aina ya nne, ambayo haionyeshwi sana kwenye simu, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa Kindu kuliko zote: ile ya kucheza mahali tambarare. Mchezaji haruki popote. Anazungusha baiskeli chini yake, anasimama juu ya gurudumu moja, anageuza usukani, anarudi nyuma, kama mtu anayecheza ngoma na baiskeli yake. Haihitaji uwanja wa mamilioni ya dola. Inahitaji kipande cha saruji laini kama ua wa shule au uwanja wa basketi siku ambayo hakuna mechi. Anayeanguka anaanguka kutoka chini. Fremu yake ni fupi, ina vyuma vinne vya kusimamia, viwili mbele na viwili nyuma. Kijana anayejua kucheza dansi atapenda.

Kwa anayeanza na hajui bado atacheza namna gani, achukue ya chuma, yenye tairi nene kiasi na breki ya nyuma inayokamata kweli. Hiyo inasamehe makosa mengi.

Ukubwa unachanganya watu. BMX ya mtu mzima na ya mtoto wa miaka 10 zote zina gurudumu la inchi 20. Kinachotofautiana ni urefu wa bomba la juu la fremu, kutoka kwenye usukani mpaka kwenye kiti. Mtu asiyefika mita 1.60 anafaa bomba la inchi 20 au chini yake kidogo. Wa mita 1.70 anakaa vizuri kwenye 20.5, wa mita 1.80 na zaidi anataka 21. Chukua futi ya fundi cherehani, pima. Watoto wadogo wanaenda kwa gurudumu: inchi 12 kwa mtoto wa miaka 3, inchi 16 kwa wa miaka 5 au 6, inchi 18 kwa wa miaka 7 au 8. Tabia yetu ya kununua kubwa ili "akue ndani yake" ni sawa kwa koti la shule. Kwa baiskeli, mtoto ambaye miguu yake haifiki chini hawezi kusimama haraka pikipiki inapomkatia njia.

Tuje kwenye hesabu ya safari, maana hapo ndipo mzazi na mtoto wanapogombana bure. Baiskeli ya inchi 28, ile ya kazi, ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, inakwenda karibu mita 5.4 kila unapozungusha pedali mara moja. BMX yenye meno 44 mbele na 16 nyuma inakwenda karibu mita 4.3. Tofauti inaonekana ndogo. Kwa kilometa 10, wa kwanza anazungusha mara 1,850 hivi, wa pili mara 2,350. Kwenda na kurudi ni mizunguko 1,000 zaidi kila siku, na yote hayo magoti yamekunjwa, kwa sababu kiti cha BMX kinakaa chini. Hakikuwekwa chini kwa ubahili. Mchezaji wa BMX karibu wakati wote anasimama, kiti kinampisha. Lakini mwanafunzi anayetoka mbali asubuhi hasimami njia nzima, anakaa, na kabla ya mwezi kuisha anaanza kulalamika magoti. Kuinua kiti hakusaidii sana, bomba lake ni fupi.

Gurudumu dogo nalo lina tabia yake barabarani. Shimo ambalo gurudumu la inchi 28 linapita juu yake, la inchi 20 linaingia ndani. Kwenye daraja la magogo, pale miti miwili inapoachana, unajua mwenyewe. Kwa upande mwingine, gurudumu dogo ni gumu, spoki zake fupi hazipindi upesi, na baiskeli nzima ina kilo 11 au 12 tu, wakati ile ya kazi inafika kilo 20 au inazidi. Mtu anayekaa Alunguli na kuvuka kila siku kuja Kasuku au Mikelenge ataisikia tofauti hiyo wakati wa kuinua baiskeli na kuiweka ndani ya mtumbwi. Kwa matembezi mafupi ya mjini, kilometa 2 au 3, BMX si mbaya hata kidogo.

Mzigo ni jambo lingine kabisa. Angalia wale wanaosukuma kutoka vijijini: kijiti kimefungwa kwenye usukani, kingine kinasimama nyuma ya kiti, na mtu anatembea pembeni akishika vyote viwili, mifuko imepangwa kwenye fremu na juu ya kiti cha nyuma, kilo 100 na kupita. Hilo linawezekana kwa sababu baiskeli ya inchi 28 ni ndefu. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ina zaidi ya mita moja, na mzigo unakaa katikati. Ya BMX haifiki mita moja, na haina mahali pa kufunga kiti cha mzigo. Ukilazimisha, mzigo wote unakaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linainuka, usukani unakuwa mwepesi kama karatasi. Kijana mwenye bidoni la lita 20 la mawese ana karibu kilo 18 nyuma yake. Kwenye mteremko wa Kindu baada ya mvua, hiyo ndiyo njia ya kumwaga mawese na kuvunja mkono.

Wenzetu wa Goma walielewa siri hiyo zamani na chukudu yao. Haina pedali wala mnyororo, ni mbao tupu, lakini kitako chake ni kirefu na kiko chini, na njia ya kutoka mashambani kuelekea mjini inateremka. Chombo kilifuata njia na mzigo. Kisangani nako toleka zilibeba abiria kwa sababu mji ule ni tambarare na baiskeli ya inchi 28 ina nafasi ya mtu nyuma. Hakuna aliyejaribu kubeba abiria kwa BMX akafika mbali.

Kwa hiyo kama baiskeli itafanya kazi ya nyumba, nunua ile ya inchi 28. Za China na za India ndizo zinazojulikana zaidi: Flying Pigeon ilianza kutengenezwa Tianjin mwaka 1950, Hero ilianza Ludhiana mwaka 1956, na umbo lake halijabadilika sana. Si uzembe. Vipuri vinalingana, na fundi wa chini ya mwembe anaijua akiwa amefumba macho. Kwa mama au dada anayevaa kikwembe, tafuta ile ambayo bomba lake la juu limeshuka. Lakini ujue fremu hiyo inanyumbuka zaidi chini ya mzigo mzito, usiipakie kama ya mwanaume.

Wengine wanasema, basi tuchukue katikati, tununue VTT. Inawezekana, tena kwa kijana wa shule ya mbali VTT ya inchi 24 au 26 ni jibu zuri, ikiwa tu utakubali ile isiyo na mapambo. Springi za mbele za bei ya chini zinaongeza uzito na zinakufa upesi. Gia 18 au 21 zinapendeza dukani, lakini matope ya Maniema yakiingia kwenye mnyororo na vile vigurudumu vidogo vya nyuma, mnyororo unaanza kuruka, na siku kile kishikizo cha gia kinapopinda fundi wengi wataufupisha mnyororo na kukuachia gia moja. Heri uanze na gia moja.

Sasa tuseme umeamua BMX, na umepata iliyotumika. Kitu chochote kinachofika Kindu kimesafiri sana, kwa reli, kwa ndege au kwa mto, na bei inabeba safari hiyo. Usilipe kabla ya kuipindua juu chini.

Anza na fremu. Pitisha kidole polepole chini ya bomba, pale linapokutana na shingo la usukani. Rangi ikiwa imejikunja kama ngozi ya mzee, au ikiwa na ufa mwembamba, baiskeli hiyo imewahi kugonga kitu kwa mbele. Iache hata kama ni ya bure. Ukikuta maandishi 4130 au neno chromoly, hicho ni chuma bora, kinavumilia kuruka. Fremu ikiwa na vipande vyenye maandishi hayo na vingine bila, ujue ni mchanganyiko, na bei ipungue. Chuma cha kawaida si kibaya kwa mtoto anayetembea tu. Ni kizito na kitapinda akianza kuruka.

Halafu angalia mikono ya pedali. Kwenye BMX za bei ya chini, mikono yote miwili ni chuma kimoja kilichopindwa kinachopita ndani ya fremu. Kwenye zilizo imara ni vipande vitatu: mkono, ekseli, mkono. Shika mikono hiyo, itikise kushoto na kulia. Ikicheza kidogo, pengine ni gololi tu, fundi atatengeneza. Ikicheza sana na kutoa sauti, nyumba ya gololi imekwisha.

Ekseli ya nyuma inasema ukweli kuhusu kazi iliyokusudiwa. Ya michezo mikubwa ina unene wa milimita 14. Ya kawaida ina 10 hivi. Kijana akikuambia anataka kufunga vyuma vya kusimamia, na ekseli ni ya 10, mwambie hapana. Itapinda.

Breki za watoto zinataka neno la peke yake. Baiskeli nyingi ndogo zinazotoka Ulaya hazina breki ya mkono nyuma. Unasimamisha kwa kukanyaga pedali kinyume. Ni breki nzuri, matope hayaisumbui. Ila inategemea mnyororo. Mnyororo ukitoka, breki imekwenda nayo. Kwa hiyo kwenye baiskeli ya namna hiyo mnyororo uliolegea ni hatari ya kweli: ukiushika katikati usicheze zaidi ya sentimita moja hivi, na iwepo breki ya mkono mbele. Kama waya wa breki umekatika muuzaji akasema "utaweka mwingine kesho", awekwe leo, kwa pesa yake.

Kuna habari njema kwenye vipuri, na kuna mtego. Mnyororo wa BMX nyingi ni upana uleule wa mnyororo wa baiskeli ya kazi yenye gia moja, kwa hiyo wa sokoni utaingia, utakatwa tu uwe mfupi. Pua ya kujazia upepo ni kama ya pikipiki, pampu ya motari yeyote inatosha. Spoki ni fupi, lakini fundi mwenye chombo cha kuchonga nyuzi anaweza kukata zile ndefu.

Mtego uko kwenye tairi. Si kila tairi lililoandikwa 20 linaingia kwenye gurudumu la 20. Lililoandikwa kwa nukta, mfano 20 × 1.75 au 20 × 1.95, ni la rimu moja. Lililoandikwa kwa sehemu, mfano 20 × 1 3/8, ni la rimu nyingine kubwa zaidi. Hata 20 × 1.75 na 20 × 1 3/4, ambazo mwalimu wa hesabu atakuambia ni namba moja, hazilingani kwenye rimu. Suluhisho ni kuangalia namba ya pili ubavuni mwa tairi, ile yenye tarakimu tatu baada ya kistari. BMX nyingi zina 406, kama vile 47-406 au 50-406. BMX nyembamba za mbio zina 451. Namba hiyo ya tarakimu tatu ikifanana, tairi litaingia, bila kujali limetengenezwa nchi gani. Ikitofautiana hata kidogo, fundi atalivuta na bisibisi mpaka alipasue, na atakuambia ni tairi bovu.

Baiskeli za inchi 28 tairi zake zinauzwa kila mahali. Za 406 hazipatikani hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya BMX, zunguka soko uulize kama tairi na mpira wa ndani wa namba hiyo vipo, na kama vipo, nunua jozi moja ya akiba siku hiyo hiyo. Kama havipo popote mjini, itabidi uagize Goma, Bukavu au Lubumbashi, na bei ya kuagiza uitoe kwenye ile unayompa muuzaji.